Vipande na Mafungu: Uhakiki wa Lugha ya Kupanga Kumbukumbu Iliyotawanyika katika Viendeshi vya Kompyuta

UTANGULIZI

Mjadala wa istilahi za Kiswahili katika taaluma ya kompyuta umeegemea mno upande wa majina. Yaliposhindanishwa maneno "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi", wino mwingi ulimwagwa, na kila upande ukawa na hoja zake. Hata mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulika hasa na maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo cha mashine. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, wala hapana haja ya kuibeza. Lakini nyuma ya kioo kuna lugha nyingine, ambayo watungaji wa programu huandikiana wao kwa wao, na ambayo huamua kama mashine itafanya kazi sawasawa au itaharibu data za watu. Lugha hiyo ni Kiingereza. Aghalabu hudhaniwa kwamba, kwa kuwa ni Kiingereza cha wataalamu, basi imekwisha kuwa sahihi, na kazi iliyobakia kwa Kiswahili ni kuifuata nyuma na kuitafutia visawe.

Makala haya yanalihoji wazo hilo kwa kuchunguza mahali pamoja padogo. Mahali penyewe ni maelezo ya namna kiendeshi cha kifaa kinavyokipa kifaa hicho orodha ya sehemu za kumbukumbu zilizotawanyika, ili kifaa kisome au kiandike data bila prosesa kubeba kila baiti. Maandishi yanayohakikiwa ni mawili. La kwanza ni sura ya 15 ya kitabu Linux Device Drivers, toleo la tatu la mwaka 2005, kilichoandikwa na Jonathan Corbet, Alessandro Rubini na Greg Kroah-Hartman. La pili ni mwongozo wa upangaji wa kumbukumbu unaoambatana na programu ya Linux yenyewe, ulioandikwa na David S. Miller, Richard Henderson na Jakub Jelinek. Yote mawili yamewafunza watungaji wengi wa viendeshi, na yote mawili hupatikana bila malipo.

Swali linaloulizwa ni la mhakiki wa lugha: je, maneno ya maandishi haya yanamfikisha msomaji kwenye maana, au yanamwacha njiani? Dai la makala ni kwamba yanamwacha njiani mahali pamoja mahususi, kwamba kosa hilo limeleta hasara ya kweli katika programu, na kwamba Kiswahili kina nyenzo katika sarufi yake za kulitengeneza.

I. JAMBO LENYEWE

Kabla ya kuhakiki maelezo, hapana budi jambo lenyewe lielezwe. Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa katika kurasa. Katika mashine nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4096. Programu ya mtumiaji inapoomba nafasi ya kuwekea data, hupewa nafasi ambayo kwake yaonekana kuwa mfululizo mmoja, lakini kurasa zinazoijenga nafasi hiyo huweza kuwa mahali mbalimbali kabisa katika kumbukumbu halisi. Prosesa haioni taabu, kwa sababu ina jedwali linalotafsiri anwani za programu kuwa anwani halisi. Kifaa, kama vile kadi ya mtandao au kidhibiti cha diski, kwa kawaida hakina jedwali hilo. Kikiambiwa anwani moja na urefu, kitakwenda moja kwa moja kutoka baiti hadi baiti, na kikivuka mpaka wa ukurasa kitaingia katika kumbukumbu ya mtu mwingine.

Chukua mfano. Programu ina baiti 10,000 za kupeleka kwenye kifaa, na baiti ya kwanza iko umbali wa baiti 1000 ndani ya ukurasa wake. Ukurasa wa kwanza utachukua baiti 3096, wa pili baiti 4096, na wa tatu baiti 2808 zilizobakia. Kurasa hizo huenda zikawa ya 52, ya 907 na ya 311 katika kumbukumbu halisi. Kwa hiyo kile ambacho mtumiaji anakiona kuwa kitu kimoja, kwa kweli ni vipande 3.

Kiendeshi kina njia tatu. Kinaweza kunakili vipande vyote katika bafa moja iliyo mfululizo, na hapo muda wa prosesa hupotea bure. Kinaweza kukiamuru kifaa mara 3, kila mara kipande kimoja, na hapo muda wa kifaa hupotea. Au kinaweza kukipa kifaa orodha: anwani hii na urefu huu, kisha hii na huu, kisha hii na huu. Vifaa vingi vimeundwa kupokea orodha ya namna hiyo. Vidhibiti vya diski vya zamani vya aina ya IDE, kwa mfano, husoma jedwali ambalo kila mstari wake una baiti 8: 4 za anwani, 2 za urefu, na alama ya kuonyesha mstari wa mwisho.

Fikra hii si ngeni. Mashine za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilikuwa na njia za data zilizoweza kufuata mnyororo wa amri, kila amri ikitaja sehemu yake ya kumbukumbu, huku mkondo wa data ukibakia mmoja. Mwaka 1983 mfumo wa 4.2BSD uliwapa watungaji wa programu za kawaida amri za readv na writev, ambazo hupokea orodha ya bafa badala ya bafa moja. Linux iliirithi fikra hii.

Lakini kuna jambo la ziada, na hapo ndipo penye mzizi wa makala haya. Mashine nyingine zina kitafsiri cha anwani kwa upande wa vifaa pia. Kitafsiri hicho kinaweza kuzichukua kurasa za 52, 907 na 311 na kukionyesha kifaa kana kwamba zimefuatana. Kikifanya hivyo, vipande 3 vya prosesa vinakuwa, machoni pa kifaa, fungu 1 la baiti 10,000. Hakuna baiti iliyohamishwa. Kilichobadilika ni hesabu: upande mmoja unahesabu 3, upande wa pili unahesabu 1, na pande zote mbili zinasema kweli.

II. UZURI WA MAELEZO YA KITABU

Haki yataka sifa zitangulie. Waandishi wa Linux Device Drivers hawamtupii msomaji amri na kumwacha. Wanaanza kwa kumwonyesha kwa nini orodha nzima ipangwe kwa pamoja badala ya kupanga kila bafa peke yake, na wanatoa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba vifaa vingi hupokea orodha na kuimaliza kwa safari moja. Ya pili ni kwamba mashine zenye vitafsiri vya anwani zinaweza kuviunga vipande vikawa fungu moja, na hapa kitabu kinataja sharti lake: vipande vya katikati viwe na urefu wa ukurasa mzima, na ni cha kwanza na cha mwisho tu vinavyoruhusiwa kupungua. Ya tatu ni kwamba, ikiwa kifaa hakiwezi kuifikia kumbukumbu hiyo na ni lazima data zinakiliwe kupitia bafa ya kati, ni afadhali zinakiliwe zote kwa mara moja.

Mpangilio huu ni wa mwalimu. Msomaji anajua faida kabla ya kuingia katika kazi. Tena sababu ya pili ndiyo hasa inayobeba siri ya jambo zima, nayo imetajwa mapema na kwa uwazi. Mtindo wa waandishi ni mwepesi, wenye ucheshi hapa na pale, na hauna majivuno ya kitaaluma. Kitabu kimewekwa wazi kwa umma kwa leseni inayoruhusu kunakiliwa, jambo ambalo kwa mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua vitabu vya ng'ambo ni sawa na kufunguliwa mlango.

Sifa nyingine ni uaminifu. Sheria ambayo watu wengi huikosea, yaani kwamba wakati wa kupangua orodha ni lazima itajwe idadi ya vipande vya asili na si idadi iliyorudishwa na upangaji, imo kitabuni. Haiwezi kusemwa kwamba waandishi waliisahau.

III. ILA: ORODHA MBILI KATIKA VAZI MOJA

Ikiwa yote yamesemwa, ila iko wapi? Ila iko katika namna yanavyosemwa, na hasa katika majina.

Kitabu kinaeleza muundo wa data unaoitwa scatterlist. Kila mshiriki wa orodha hii ana ukurasa wake, mahali anapoanzia ndani ya ukurasa huo, na urefu. Kiendeshi huvijaza vitu hivi vitatu, kisha huita kazi ya dma_map_sg, kikitaja idadi ya washiriki. Kazi hiyo hurudisha idadi nyingine, ambayo huweza kuwa sawa na ile ya kwanza au pungufu. Baada ya hapo kiendeshi husoma anwani na urefu wa kila fungu la kukipa kifaa kwa kutumia sg_dma_address na sg_dma_len.

Msomaji makini atatambua kwamba hapa hakuna orodha moja. Kuna orodha mbili zilizovishwa vazi moja. Ya kwanza ni orodha ya prosesa: ukurasa, mwanzo, urefu. Ya pili ni orodha ya kifaa: anwani na urefu wa kifaa. Katika mfano wa baiti 10,000, mshiriki wa kwanza wa orodha, baada ya kupangwa na kuungwa, ana urefu wa 3096 kwa upande wa prosesa na urefu wa 10,000 kwa upande wa kifaa, na namba zote mbili zinakaa ndani ya mshiriki huyo mmoja. Mshiriki wa pili na wa tatu bado wapo katika orodha ya prosesa, lakini katika orodha ya kifaa hawapo.

Kitabu hakisemi hivyo. Kinasema kwamba anwani na urefu wa bafa za kupelekwa huweza kutofautiana na zile zilizoingizwa, na kinalisema jambo hilo kama tahadhari inayoambatana na maelezo ya amri. Tahadhari ni kweli, lakini si maelezo. Anayeambiwa "angalia, huenda ikatofautiana" amepewa sheria ya kukariri. Anayeambiwa "hizi ni orodha mbili, na kila moja ina idadi yake" amepewa sababu, na mwenye sababu anaweza kuitunga sheria mwenyewe hata akiisahau. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika ufundi, asiyejua maana huambiwa sheria tu, naye huivunja siku atakapochoka.

Mwongozo wa Miller na wenzake una ila ile ile kwa sura nyingine. Unaifikia sheria ya idadi ya asili na kuisisitiza kwa herufi kubwa. Mwandishi wa ufundi anapolazimika kupaza sauti katikati ya sentensi tulivu, aghalabu ni kwa sababu jina la kitu halikufanya kazi yake. Hakuna mwongozo wa ufundi unaohitaji kupaza sauti kwamba kifuniko ndicho kinachofunika, kwa kuwa neno limekwisha kulisema hilo.

Upungufu wa pili wa kitabu ni wa mfano. Sura ya 15 inampa msomaji kifaa cha kubuni kiitwacho dad ili aone upelekaji wa data ukitendeka kwa mpango, lakini mfano huo ni wa bafa moja. Inapofika zamu ya orodha ya vipande, msomaji anapewa maelezo ya muundo na amri, wala haoni kiendeshi kikiitumia orodha tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mahali pagumu zaidi ndipo penye kielelezo haba zaidi. Mfano mmoja wa vipande 3 vinavyokuwa fungu 1 ungeondoa giza kuliko tahadhari kumi.

Upungufu wa tatu hauwezi kulaumiwa waandishi, nao ni wa wakati. Kitabu kinaeleza Linux ya toleo la 2.6.10. Tangu toleo la 2.6.24, lililotoka mwaka 2008, ukurasa haukai tena wazi ndani ya muundo. Umewekwa ndani ya sehemu iitwayo page_link, ambayo biti zake za chini zimebeba pia alama za kuunganisha orodha na orodha nyingine na alama ya mwisho. Anayejaza muundo kwa mkono, kama kitabu kinavyoelekeza, atakosea. Siku hizi yampasa kutumia sg_init_table na sg_set_page, na kuipita orodha kwa for_each_sg. Mwalimu anayesomesha kwa kitabu hiki hana budi kuyataja mabadiliko hayo darasani.

IV. GHARAMA YA KOSA

Huenda ikasemwa kwamba hii ni hoja ya wanalugha, na kwamba mtungaji hodari wa programu hapotezwi na jina. Historia haikubaliani na kauli hiyo.

Baadaye Linux ilikuja kuwa na muundo mkubwa zaidi, sg_table, unaoishika orodha pamoja na idadi zake mbili. Idadi moja imeitwa nents, na ya pili orig_nents. Majina hayo hayasemi lolote kuhusu nani anayehesabu. Yanasema tu kwamba moja ni idadi na nyingine ni idadi ya asili. Kwa kuwa nents ndilo jina fupi na la kwanza machoni, watungaji wengi waliitumia kila mahali: katika kupanga, katika kusoma kurasa za prosesa, na katika kupangua. Mwaka 2020 ulipelekwa mfululizo mrefu wa marekebisho, hasa katika viendeshi vya michoro, kwa sababu ya kuchanganywa kwa idadi hizo mbili. Katika toleo la 5.8 la mwaka huo huo ziliongezwa kazi mpya, dma_map_sgtable na wenzake, ambazo hupokea muundo mzima na kuchagua zenyewe idadi inayofaa. Maana yake ni kwamba jamii ya watungaji, baada ya miaka mingi ya kutahadharisha kwa maneno, iliamua kumwondolea mtungaji uchaguzi uliokuwa ukimshinda.

Na madhara ya kosa hilo hayakuwa ya kuonekana kwa urahisi. Katika mashine isiyo na kitafsiri cha anwani kwa upande wa vifaa, mara nyingi vipande 3 hubakia mafungu 3. Idadi mbili zikawa sawa, na kosa likajificha. Kiendeshi kikihamishiwa mashine nyingine inayounga vipande, kosa linaamka. Kiendeshi kikikipa kifaa idadi ya vipande badala ya idadi ya mafungu, kifaa kitasoma mistari miwili isiyo na anwani yenye maana. Kikipangua kwa idadi ya mafungu badala ya idadi ya vipande, basi katika mashine ambazo kache ya prosesa haijilinganishi yenyewe na kumbukumbu, ni kipande cha kwanza tu kitakachosafishwa. Prosesa itakaposoma vile viwili vilivyobakia huenda ikasoma data chakavu zilizokuwa katika kache kabla kifaa hakijaandika. Hapana kengele italia. Picha itakuwa na mistari ya ajabu, au faili itakuwa na baiti za jana. Mwenye mashine atalaumu kifaa, na kumbe lawama ni ya neno.

V. JINA LA "KUTAWANYA NA KUKUSANYA"

Kiingereza huliita jambo hili kwa vitenzi viwili, "scatter" na "gather". Anayekimbilia kutafsiri ataandika "tawanya-kusanya" na kuona amemaliza. Yafaa kwanza kuuliza ni nani anayetawanya, na ni wakati gani.

Data zinapotoka kwenye kifaa kuingia kwenye kumbukumbu, mkondo mmoja humwagwa katika vipande vingi, na huko ndiko kutawanya. Zinapotoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye kifaa, vipande vingi huingia katika mkondo mmoja, na huko ndiko kukusanya. Kwa hiyo jina ni sahihi likihusishwa na safari ya data. Lakini upangaji wa orodha hutangulia safari. Wakati kiendeshi kinapoandaa orodha, hakitawanyi kitu wala hakikusanyi kitu. Kumbukumbu imekwisha kutawanyika yenyewe, kwa sababu mfumo uligawa kurasa kadiri zilivyopatikana, na kiendeshi kinaikuta hali hiyo kama ilivyo.

Hapa Kiswahili kinatofautisha kwa kiambishi kimoja kile ambacho Kiingereza hakikitofautishi katika jina hili. "Tawanya" ni tendo lenye mtendaji. "Tawanyika" ni hali. Orodha inayoshughulikiwa si ya kutawanya. Ni orodha ya vipande vilivyotawanyika. Mwanafunzi anayeambiwa hivyo haendi kutafuta katika programu mahali ambapo data zinatawanywa. Anaelewa kwamba anaeleza hali iliyopo kwa kifaa kisichoiona.

Pana tahadhari nyingine. "Tawanya" katika matumizi ya kawaida hubeba maana ya fujo, kama vile mkutano uliotawanywa kwa nguvu. Data za kifaa hazipelekwi kwa fujo. Kila baiti ina mahali pake palipoandikwa. Kwa safari ya kuingia kumbukumbuni, kitenzi "gawa" kingefaa zaidi, kwa maana ya kugawia kila kipande sehemu yake kwa zamu. "Kusanya" hakina dosari hiyo, kwani mwenye kukusanya mchango huandika majina na kiasi. Hata hivyo, "tawanya" ina nguvu ya kufanana na istilahi ya kimataifa, na huenda ikabakia kwa sababu hiyo. La muhimu ni hali ya "-ik-" isipotee.

VI. KUPANGA NA KUPANGUA

Neno zito zaidi ni "map". Tafsiri ya haraka ni "ramani", na kutoka hapo mtu huweza kuunda kitenzi. Lakini ramani huonyesha nchi bila kuigusa. Aliyechora ramani ya Lamu hakuihamisha nyumba hata moja. Tendo la dma_map_sg hugusa mambo: hutoa anwani za kifaa, huandika katika kitafsiri, husafisha kache panapohitajika, na zaidi ya yote hukabidhi umiliki. Tangu kupangwa hadi kupanguliwa, vipande ni vya kifaa. Prosesa haina ruhusa ya kuvisoma wala kuviandika, isipokuwa kwanza iombe ruhusa kwa kazi maalumu za kusawazisha, kama vile dma_sync_sg_for_cpu, kisha ivirudishe kwa dma_sync_sg_for_device.

Kitenzi "panga" kinabeba mengi ya haya. Kwanza, kupanga ni kuweka vitu katika utaratibu, nako ndiko kutoa anwani. Pili, mwenye kupanga nyumba ni mpangaji, na kwa muda wa mkataba mwenye nyumba hana haki ya kuingia apendapo. Sadfa hii ya maana mbili yaweza kumsaidia mwalimu, ingawa haifai kutegemewa mno, kwani mpangaji hulipa kodi na kifaa hakilipi.

Faida kubwa iko katika kinyume chake. Kiswahili kina vitenzi vya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Kitenzi cha kutendua hurejea kwenye kitu kile kile kilichotendwa. Aliyefunga mafundo 3 hana budi kufungua mafundo 3, hata kama kwa mbali mafundo hayo yanaonekana kuwa donge moja. Vivyo hivyo aliyepanga vipande 3 atapangua vipande 3, hata kama kifaa kilikuwa kikiona fungu 1. Ile sheria ambayo mwongozo wa Kiingereza huipazia sauti kwa herufi kubwa, hapa imo ndani ya mnyambuliko wa kitenzi.

Haifai kuficha udhaifu wa pendekezo hili. "Pangua" katika lugha ya kila siku hutumika pia kwa kuvuruga, kama timu inavyopangua safu ya ulinzi. Mwanafunzi huweza kudhani kwamba kupangua ni kuharibu data. Tena jina "upangaji" lina kazi nyingi mno katika Kiswahili, kuanzia nyumba hadi uzazi. Lakini istilahi haiishi peke yake. Huishi ndani ya sentensi na somo. Katika somo la viendeshi, jozi ya panga na pangua ina uwiano ambao "ramani" haiwezi kuupata, kwa kuwa ramani haina kinyume.

Ama kuhusu idadi mbili, Kiswahili kina majina mawili yaliyo tayari. Sehemu zinazohesabiwa na prosesa ziitwe vipande, kwa kuwa ni mikato ya kitu kizima iliyotokana na mipaka ya kurasa. Sehemu zinazohesabiwa na kifaa ziitwe mafungu, kwa kuwa fungu ni vitu vilivyowekwa pamoja vikahesabiwa kuwa kimoja, kama fungu la nyanya sokoni. Nyanya 5 ni fungu 1, na hakuna mnunuzi anayechanganya hesabu hizo mbili. Kwa istilahi hizi sheria nzima yasemwa kwa sentensi moja: panga kwa idadi ya vipande, kiamuru kifaa kwa idadi ya mafungu, na pangua kwa idadi ya vipande.

HITIMISHO

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Mtungaji wa kiendeshi, awe Nairobi au Helsinki, ataendelea kuandika dma_map_sg, kwa kuwa hilo ndilo jina lililomo katika programu. Hivyo, istilahi za Kiswahili zitamfaa nini? Jibu ni kwamba jina la kazi katika programu si mahali pa kufikiria. Ni mahali pa kuandikia fikra iliyokwisha kukamilika. Kufikiria hufanyika kabla, darasani, katika maelezo ya mwalimu, na katika mazungumzo ya wanafunzi wanaotafuta kosa usiku. Hapo lugha yoyote iliyo wazi ni msaada, na lugha iliyo ya mtu mwenyewe ni msaada maradufu.

Linux Device Drivers bado ni kitabu cha kusomwa, kwa sharti kwamba mwalimu ayataje yaliyobadilika tangu mwaka 2005 na aongeze mfano wa vipande na mafungu pale ambapo kitabu kimenyamaza. Ila yake kubwa si uongo bali ni kuiacha tofauti ya msingi bila jina, na marekebisho ya mwaka 2020 yameonyesha bei ya kufanya hivyo.

Kwa wanaistilahi somo ni pana zaidi. Muda mwingi umetumika kutafuta majina ya vitu, na muda haba kutazama vitenzi. Ilhali nguvu ya Kiswahili, katika uwanja wa matendo yanayofanywa na kutenduliwa, ya hali zinazokuwapo bila mtendaji, iko katika unyambulishaji. Anayeandaa orodha ya istilahi za kompyuta na akaandika safu ya nomino peke yake ameacha nyumbani zana iliyo kali kuliko zote. Safu ya kwanza ya orodha ijayo na iwe ya vitenzi, kila kimoja pamoja na kinyume chake, na kila kimoja kikijaribiwa kwa programu halisi kabla ya kuchapishwa.